Ulimi unapoishia: kuyapima maji ya visima vyetu Unguja na Pemba

Bibi yangu wa Makunduchi alikuwa na kipimo chake cha maji. Dumu likishafika uani, huchota kwa kata, huyazungusha maji mdomoni, huyatema, kisha hutoa hukumu: haya ya kunywa, haya ya kufulia, haya wapeni mbuzi. Kwa lile alilokuwa akilitafuta alikuwa hakosei, nalo lilikuwa chumvi. Mwisho wa kaskazi, jua likiwa kali na mvua ya masika bado, alijua kisima kipi kimeanza kugeuka kabla jirani yeyote hajalalamika.

Lakini ulimi wa binaadamu una mwisho wake. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, chumvi ya kloridi huanza kusikika mdomoni pale inapopindukia kiasi cha miligramu 250 katika lita moja ya maji. Chini ya hapo wengi wetu hatuhisi kitu. Na kuna vitu viwili ambavyo hata mwenye ulimi mkali kama wa bibi hawezi kuvihisi abadan: vijidudu vya kinyesi, na naitreti, ambayo hutokana na kinyesi kilichooza na mbolea. Maji yaliyobeba vitu hivyo yanaweza kuwa matamu, ya baridi, na meupe kama kioo.

Hapa kwetu mtu akisema "kisima chetu kina maji mazuri" mara nyingi anakusudia kuwa ni matamu. Utamu ni swali moja tu kati ya yale ambayo kisima kinapaswa kuulizwa. Na jambo ambalo halisemwi vya kutosha ni kuwa kila swali lina msimu wake: kisima kilichojibu vizuri mwezi wa Januari kinaweza kutoa jibu jengine kabisa mwezi wa Mei. Makala haya yanajaribu kueleza kwa nini, na nini cha kufanya na majibu hayo.

Maji yenyewe yamekaa wapi

Vipimo vya maji ya Zanzibar havieleweki bila ya kulielewa jiwe. Magharibi na katikati ya Unguja kuna udongo wa kina, ule ambao wakulima wanaugawa kwa majina ya kinongo, kichanga na kinamo. Ukielekea mashariki na kusini, Kiwengwa, Paje, Jambiani mpaka Makunduchi, unaingia kwenye uwanda na maweni: jiwe la matumbawe ya kale, lenye matundu, nyufa na mapango. Pemba ina vilima na mabonde mengi na udongo wake ni wa kina zaidi, na mawe ya matumbawe yamejipanga zaidi upande wa mashariki.

Hatuna ziwa wala mto mkubwa wa kutegemea. Mvua ikinyesha, kiasi cha milimita 1,600 kwa mwaka kwa Unguja na zaidi kidogo kwa Pemba, sehemu inapaa na jua, sehemu inanywewa na miti, na inayobaki inazama. Ipo hata mito Unguja inayoingia ardhini na kupotea kabla ya kuiona bahari. Maji hayo yaliyozama ndiyo tunayoyachota kwenye chemchem za Bububu na Mwanyanya, kwenye mapango kama lile la Mangapwani, kwenye visima virefu vya kuchimbwa kwa mashine na kwenye visima vya uani.

Karibu na pwani, maji haya matamu yameelea juu ya maji ya bahari yaliyopenya ndani ya jiwe. Yanaelea kwa sababu ni mepesi kidogo: ndoo ya maji ya bahari ina uzito wa kiasi cha asilimia mbili na nusu zaidi ya ndoo hiyo hiyo ya maji ya mvua. Mfano wake ni uto juu ya mchuzi. Ukiteka juu juu kwa upawa, unapata uto. Ukiuzamisha upawa, au ukiteka kwa pupa, unapata mchuzi.

Zaidi ya miaka 100 iliyopita, Mholanzi Badon Ghijben na Mjerumani Herzberg, kila mmoja kwa wakati wake, waliifanyia hesabu hali hii kwenye pwani za nchi zao. Walichokiona ni kuwa kwa kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, chini ya usawa huo kuna kiasi cha mita 40 za maji matamu kabla ya kufikia ya chumvi. Ni habari njema, mpaka uigeuze. Ukivuta maji kwa mashine hata usawa wake ukashuka nusu mita na kubaki hapo, mpaka wa chumvi chini utapanda, baada ya muda, kuelekea mita 20. Na katika jiwe letu lenye mapango, ambamo maji ya bahari huingia na kutoka kila yanapojaa na kupwa, maji matamu na ya chumvi huchanganyika njiani, kwa hivyo tabaka lenyewe huwa jembamba kuliko hesabu inavyoahidi.

Hiyo ndiyo hatari ya chini. Ya juu ni sisi wenyewe. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 1,303,569 Zanzibar. Ya mwaka 2022 ilihesabu 1,889,773. Ni nyongeza ya karibu watu 600,000 ndani ya miaka kumi, na wengi wao wanakaa katika mkoa wa Mjini Magharibi, juu ya ardhi ile ile inayoupatia mji maji. Kila nyumba mpya ina choo, na kwa kuwa sehemu kubwa ya mji haina mabomba ya maji machafu, kila choo kina shimo lake au karo lake. Kinachoingia kwenye karo hakibaki kwenye karo. Maji yake hushuka, na njia ya kushukia ni ile ile iliyotumiwa na mvua.

Kwa hivyo kisima cha kisiwani kimebanwa pande mbili: chumvi inakipandia kutoka chini, na uchafu unakishukia kutoka juu. Vipimo karibu vyote vya maji hapa kwetu vinatafuta mojawapo ya hayo mawili.

Kupima uchafu

Tuanze na huu wa juu, kwa sababu ndio unaoua haraka. Mji huu umeshaonja. Kipindupindu cha mwaka 1869 na 1870 kiliteketeza maelfu ya watu Unguja. Sultan Barghash, aliyeshika utawala mwaka 1870, alikuja kuleta mjini maji ya mabomba kutoka chemchem za kaskazini, na watu wa Mji Mkongwe wakapata kunywa maji yaliyotoka mbali na vyoo vyao. Katika zama zetu, kipindupindu kiliripotiwa mwaka 1978 katika kijiji cha wavuvi, wagonjwa 411 na vifo 51, na tangu hapo kimekuwa kikirudi mara kwa mara, hasa nyakati za mvua.

Maabara haitafuti kila kijidudu cha maradhi. Kufanya hivyo ni ghali na ni kubahatisha, kwa sababu kijidudu cha kipindupindu au cha homa ya matumbo kinaweza kuwamo leo na kesho kisiwemo. Kinachotafutwa ni shahidi. Bakteria anayeitwa E. koli anaishi kwa wingi ndani ya matumbo ya watu na wanyama, na akionekana kwenye maji basi kinyesi kimepita hapo, na si zamani. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani hakina huruma: katika mililita 100 za maji ya kunywa, karibu nusu gilasi, asionekane hata mmoja.

Namna ya kumhesabu ni rahisi kueleza kuliko kufanya. Maji hupitishwa kwenye chujio jembamba sana, chujio likawekwa juu ya chakula cha bakteria, na kikasha kikafungiwa kwenye joto la nyuzi 44 kwa siku moja hivi. Kila bakteria aliyenaswa huzaliana mpaka akawa doa linaloonekana kwa macho. Madoa yanahesabiwa. Kwa vijiji visivyo na maabara kuna njia nyepesi iliyochapishwa na watafiti wa India mwaka 1982: chupa ndogo yenye karatasi iliyotiwa dawa. Unaijaza maji, unaiacha pahala pa joto, na ikigeuka nyeusi baada ya siku moja mpaka tatu ni dalili kuwa maji yana uchafu wa kinyesi. Haikupi hesabu, na inaweza kudanganya pale ambapo maji yenyewe yana harufu ya yai viza kwa asili yake. Lakini jibu la "ndiyo" au "hapana" linalopatikana kijijini, tena mara nyingi, nalithamini zaidi kuliko hesabu kamili inayopatikana mara moja kwa miaka mitano.

Naitreti ni shahidi wa aina nyengine. Inatokana na kinyesi na mkojo uliokwisha kuoza, na pia na mbolea ya shambani. E. koli hufa njiani, naitreti haifi. Ndiyo maana kisima kinaweza kuonekana hakina bakteria huku naitreti yake ikipanda mwaka hadi mwaka, na hilo ndilo onyo la mapema kuwa makaro ya mtaa yameshakifikia. Kikomo ni miligramu 50 kwa lita. Kimewekwa hasa kwa ajili ya watoto wachanga wanaonyweshwa maziwa ya kukorogwa kwa maji, kwani ndani ya mwili naitreti huweza kuifanya damu ya mtoto ishindwe kubeba hewa, na mtoto akageuka rangi ya kibuluu. Mama anayenyonyesha ana sababu moja zaidi ya kuendelea kunyonyesha.

Jambo la umbali

Swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: choo kiwe mbali kiasi gani na kisima? Jibu linalotajwa sana ni mita 30, na chini ya shimo la choo pawe juu ya usawa wa maji kwa angalau mita moja na nusu. Ni kanuni nzuri kwenye mchanga. Mchanga ni chujio: maji yanapita taratibu, siku kwa siku, na bakteria wengi hunaswa au hufa kabla ya kufika mbali.

Kwenye maweni kanuni hiyo haitoshi, na nasikitika kila ninapoona inanukuliwa kama kinga. Jiwe la matumbawe lina nyufa na mirija. Maji yakiingia kwenye ufa hayachujwi, yanakimbia. Uchafu ulioingia upande mmoja baada ya mvua kubwa unaweza kutokea upande mwengine, mbali zaidi ya hizo mita 30, ukiwa bado hai. Aliyechimba kisima Jambiani au Nungwi na akapima hatua kwa uaminifu mpaka kwenye choo cha jirani bado hajajua kitu kuhusu njia iliyopo chini ya miguu yake. Kwenye ardhi ya aina hiyo, kipimo cha maji peke yake ndicho kinachoweza kujibu, na kwa kuwa nyufa hufanya kazi zaidi mvua inaponyesha, kipimo chenye maana ni kile kilichochukuliwa siku chache baada ya mvua kubwa.

Pamoja na chupa ya maabara kuna ukaguzi ambao hauhitaji chombo chochote ila macho na mtu mkweli. Je, maji yaliyomwagika yanarudi kisimani? Saruji ya pembeni imepasuka? Kuna kifuniko? Kila mtu anashusha ndoo yake na kamba yake iliyoburuzwa chini? Mbuzi wanakuja kunywa hapo? Choo kipo upande wa juu wa mteremko? Kisima chenye "ndiyo" nyingi mbaya kitakuja kuchafuka, hata kama maabara imekipa karatasi safi wiki iliyopita.

Kupima chumvi

Huku kazi ni nyepesi. Maji yenye chumvi hupitisha umeme vizuri kuliko maji matupu, na kuna kifaa cha mkononi, ukubwa wa kalamu nene, kinachopima hilo kwa sekunde chache. Kipimo chake kinaitwa mikrosimensi kwa sentimita. Maji ya mvua hutoa makumi tu. Maji ya bahari hutoa kiasi cha 50,000. Visima vyetu viko katikati ya ncha hizo mbili. Ukipendelea kuhesabu kwa uzito wa chumvi na madini yaliyoyeyuka, maji yenye chini ya miligramu 600 kwa lita kwa kawaida hunyweka vizuri, na yakipindukia 1,000 ladha yake huanza kumkimbiza mnywaji.

Uzuri wa kifaa hiki ni kuwa kinaona mapema kuliko ulimi. Kisima kilichotoa mikrosimensi 700 mwaka juzi, 900 mwaka jana na 1,150 mwaka huu bado kitamu mdomoni, lakini kinakueleza waziwazi kuwa mpaka wa bahari unapanda. Mwenye namba hizo tatu anaweza kupunguza saa za mashine, au kuipandisha mota juu, au kuhamishia uvutaji sehemu nyengine. Asiye nazo atajua siku maji yatakapomtia kichefuchefu, na kisima kilichoingia chumvi huweza kuchukua misimu mingi ya mvua kabla ya kupona.

Kwenye pwani ya mashariki hili si suala la nadharia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2001 kuhusu pwani hiyo ulikadiria kuwa mgeni mmoja wa hoteli anatumia wastani wa lita 685 kwa siku, yakiwemo maji ya bustani na ya mabwawa ya kuogelea. Ni madumu 34 ya lita 20. Mwanamke wa kijijini anayebeba maji kichwani anaweza kukwambia mwenyewe anapata mangapi. Na wageni wetu wengi huja wakati jua limetulia, yaani wakati ule ule ambao mvua hairudishi kitu ardhini. Siwalaumu wageni, wanakunywa walichopewa. Ninachokililia ni kuwa pale ambapo maji yanavutwa kwa kiasi hicho, namba ya chumvi ya kila mwezi ingekuwa jambo la kwanza kubandikwa ukutani, ndani ya hoteli na kwenye ofisi ya sheha pia.

Ugumu wa maji, yale magamba meupe yanayoganda ndani ya birika, unatokana na chokaa ya jiwe letu. Unaharibu birika na kula sabuni. Afya hauigusi, kwa hivyo nitaupita.

Misimu miwili, maradhi mawili

Sasa unganisha hayo mawili na kalenda yetu. Kaskazi inapokwisha, Februari na Machi, ardhi imeshakaa muda mrefu bila ya kupata mvua ya kutosha. Tabaka la maji matamu limepungua, na chumvi iko juu kuliko wakati wowote. Bakteria huwa wachache zaidi, kwa sababu hakuna maji yanayosukuma uchafu kushuka chini. Ikija masika, mambo yanapinduka. Chumvi inapungua, ulimi unafurahi, watu wanasema kisima kimerudi uhai. Na ndani ya wiki hizo hizo makaro yamejaa, maji ya mitaani yanatafuta pa kupenyea, na E. koli wanaongezeka.

Yaani kisima kinaweza kuwa kitamu kuliko kawaida katika majuma yale yale ambayo ni ya hatari kuliko kawaida. Hilo ndilo ambalo kipimo cha bibi yangu hakikuweza kulikamata, na ndilo ambalo karatasi moja ya maabara, hata iwe na muhuri gani, haiwezi kulikamata pia. Ukipima chumvi tu mwezi wa Mei utadhani kisima ni kizima. Ukipima bakteria tu mwezi wa Februari, utadhani hivyo hivyo.

Ndiyo maana nasema kisima kinahitaji daftari kuliko kinavyohitaji cheti. Kwa uchache mara nne kwa mwaka: mwisho wa kaskazi, katikati ya masika, wakati wa kipupwe mambo yakiwa yametulia, na katikati ya vuli. Kisima kile kile, saa zile zile, na ikiwezekana mtu yule yule.

Sampuli inayoharibika njiani

Kuna majibu ya uongo yanayotokana na chupa tu. Chupa ya maji ya dukani iliyosuuzwa kwa maji ya kisima haifai kwa kipimo cha bakteria. Inatakiwa chupa iliyochemshwa au kuuliwa vijidudu na maabara yenyewe, na kidole kisiguse mdomo wake wala ndani ya kifuniko. Ukichota kwenye mfereji, kwanza ufute, uuchome kwa moto ikiwa ni wa chuma, uache maji yamwagike dakika mbili tatu, kisha ndiyo ujaze. Ukichota kisimani kwa ndoo inayotumika kila siku, utakuwa umeipima ndoo. Hilo nalo si bure kulijua, lakini liandike hivyo.

Baada ya hapo kuna mbio za saa. Bakteria waliomo wanaweza kuzaliana au kufa njiani, hivyo sampuli inatakiwa iwekwe kwenye kasha lenye barafu na ifike maabara ndani ya saa sita ikiwezekana, na isipindukie 24. Kwa mtu wa Micheweni au Kizimkazi hilo ni jambo la kupanga tangu alfajiri. Maji ya mfereji yaliyotiwa klorini yana sharti jengine: chupa iwe na dawa kidogo ya kuiua klorini, vyenginevyo itaendelea kuua bakteria ndani ya chupa na jibu litakuja safi kuliko maji yenyewe.

Mfereji nao

Wenye mfereji wasidhani makala haya hayawahusu. Maji yakitoka kwenye tangi la mji yakiwa na klorini, tatizo ni safari. Mgao unapokatika, bomba linabaki tupu, na pale lilipotoboka hufyonza maji ya nje, yawe ya mtaro au ya karo. Wanaofunga mota moja kwa moja kwenye bomba ili kuvuta maji huongeza ufyonzaji huo, kwao na kwa jirani zao. Kipimo cha hapa ni cha klorini iliyosalia: kidonge kinatiwa kwenye kichupa cha maji, na maji yakigeuka rangi ya waridi, klorini imo. Inapofika nyumbani inatakiwa ibakie kati ya miligramu 0.2 na 0.5 kwa lita. Ikiwa haigeuki kabisa, klorini imemalizwa njiani na kitu fulani, na kitu hicho ndicho cha kukitafuta.

Jibu likija, ufanye nini

Dawa hutegemea ugonjwa. E. koli wakionekana, chemsha mpaka yatokote barabara, au tia dawa ya klorini kama ilivyoandikwa kwenye kichupa chake na usubiri nusu saa. Asiye na kuni wala dawa anaweza kutumia jua: chupa ya plastiki isiyo na rangi, maji yasiyo na tope, saa sita juu ya bati wakati wa jua, au siku mbili kukiwa na mawingu.

Kuchemsha hakusaidii kitu kwa chumvi wala naitreti. Maji yanapungua kwa mvuke na vile viwili vinabaki, kwa hivyo kilichomo sufuriani kinakuwa kikali zaidi. Nimewaona mama wakimchemshia mtoto maji kwa nia njema kabisa kutoka kisima kilichozungukwa na makaro, na hakuna aliyewaambia. Kwa naitreti tiba ni kubadilisha chanzo, au kuyachanganya na maji ya chanzo kizuri mpaka kiwango kishuke, na kwa miaka ijayo ni kuyaondoa makaro karibu na visima au kuyajenga yasivuje.

Chanzo kimoja kizuri kimo juu ya vichwa vyetu. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya bati ni lita moja ya maji. Bati la mita za mraba 50, kwa mvua ya milimita 1,600, linapokea lita 80,000 kwa mwaka. Toa moja ya tano kwa yanayomwagika na yale ya mwanzo ya kusafisha bati, ambayo hayafai kuingia tangini, zinabaki 64,000. Nyumba haiwezi kuyahifadhi yote, lakini kila lita iliyotoka kwenye bati wakati wa masika ni lita ambayo haikuvutwa kisimani.

Nani ashike daftari

Sheria ya Maji ya mwaka 2006 ndiyo iliyoanzisha Mamlaka ya Maji Zanzibar, ZAWA, na kisheria maji ya ardhini si mali ya mwenye kiwanja. Lakini mamlaka yoyote haiwezi kusimama kila asubuhi kwenye kila kisima cha uani. Mara nyingi sampuli huchukuliwa, karatasi huenda kwenye faili, na wanaokunywa maji hayo hawaambiwi lolote. Ningependa nakala ya kwanza iende kwa wanaochota, imeandikwa kwa Kiswahili, na ibandikwe kisimani kwenyewe.

Daftari lenyewe naliona likikaa skuli au kwa kamati ya maji ya shehia. Kurasa zake zinataka mambo machache: tarehe na saa, siku ngapi tangu mvua ya mwisho, namba ya kifaa cha chumvi, rangi ya chupa ya kipimo cha kinyesi au idadi ya madoa, na kina cha maji. Kina kinapimwa kwa kamba yenye kizito, iliyopigwa fundo kila nusu mita na kuoshwa kwa maji ya klorini kabla ya kushushwa: unaiteremsha kutoka ukingo ule ule wa kisima mpaka iguse maji, unaivuta, unahesabu mafundo makavu.

Kwa visima vya pwani ongeza safu moja zaidi: bahari ilikuwa bamvua (maji yakijaa na kupwa sana) au maji mafu (yakijaa na kupwa kidogo), inajaa au inakupwa. Wavuvi hawahitaji kufundishwa hilo. Kisima kilichopo mita mia moja kutoka ufukweni, kwenye jiwe letu, hupanda na kushuka pamoja na bahari, na namba ya chumvi ya asubuhi ya bamvua haiwezi kulinganishwa na ile ya alasiri ya maji mafu. Kwa hivyo mwenye kamba na mwenye ngalawa wakubaliane siku kwanza, kisha ndiyo waende kisimani.